Kifungu cha Kumi na Nne

Ni haki nianze kwa kukiri kosa langu. Alasiri ile Fundi Kimya alipoingia dukani kwangu, akaweka mezani katiba ya kurasa kumi na mbili na kuninyooshea vidole saba, yaani nakala saba, mimi nilihesabu kurasa, sikuzisoma. Mtu aliyekaa miaka mingi kando ya mashine ya kunakili hupatwa na maradhi hayo: huona karatasi, haoni maneno. Mafundi cherehani wa baraza ya ng'ambo ya barabara, ambako yeye alishona, walikuwa sita, na wala sikujiuliza nakala ya saba ilikuwa ya nani.

Katiba yenyewe ilikuwa kazi ya Dokta Fomu. Dokta Fomu hakuwa daktari wa chochote. Alikuwa bwana mwenye mkoba wa ngozi, mihuri mitatu na sauti iliyoweza kumuuzia samaki mwavuli. Aliishi kwa kuwajazia watu fomu za ofisi za umma, kisha kutoweka na kilichopatikana kabla wino haujakauka.

Siku tangazo la mfuko wa wajasiriamali wadogo lilipobandikwa kwenye ukuta wa duka langu, alilisoma mara mbili, kwa unyenyekevu wa mtu anayesoma wosia wa mjomba tajiri. Mfuko ulitoa ruzuku kwa vikundi. Wanawake walipewa kipaumbele, na kikundi chenye kiongozi mwenye ulemavu kilipewa kipaumbele zaidi. Akaunti ingefunguliwa kwa majina ya mwenyekiti na mhazini watakaothibitishwa siku ya ukaguzi. Na kila kikundi kingesaidiwa mara moja tu, basi.

Dokta Fomu akageuka taratibu. Ng'ambo ya barabara, barazani, mafundi sita walikuwa wameinamia cherehani: wanawake watano, na Fundi Kimya, kiziwi tangu utotoni, ambaye makoti yake yalimkaa mteja kana kwamba alizaliwa nayo.

"Mungu hamtupi mja wake," alisema Dokta Fomu, na naamini alisema kwa imani ya kweli.

Cherehani zile zilikuwa za kukodi. Mwenye nazo alichukua nusu ya kila walichopata, na sasa alikuwa ametangaza kwamba mwaka ukiisha anaziuza zote. Bila ruzuku, baraza ile ingebaki na viti vitupu. Aliyelijua hilo zaidi ya wote ni mkubwa wao, Mama Vifungo, aliyeitwa hivyo kwa sababu alihifadhi vifungo shavuni wakati wa kazi na kuongea navyo bila shida.

"Mama, mmeshaomba mfuko huu mara ngapi?" Dokta Fomu alimuuliza.

"Mara mbili, mwanangu. Kwanza walisema hatuna katiba. Tukaandika. Wakasema hiyo si katiba, ni barua."

"Ilikuwa na urefu gani?"

"Nusu ukurasa. Tulisema tunapendana na tunashona."

Dokta Fomu alifumba macho kama aliyepata msiba. "Mama, mimi nitawaandikia katiba ambayo hata mataifa yataomba kuiazima. Na ni bure!"

"Bure ya siku hizi ina meno, Dokta."

"Usinivunje moyo. Mniachie uenyekiti tu, nisukume mambo. Na huyu bwana awe mhazini. Tusibague watu, Mama. Dunia imebadilika."

Hesabu yake, kama nilivyokuja kuielewa baadaye, ilikuwa nyepesi: mhazini asiyesikia hatauliza maswali, ataonyeshwa mahali pa kusaini, naye atasaini. Wahenga walituonya kuhusu kimya kingi, lakini nani huwasikiliza wahenga saa za kazi? Dokta Fomu alisahau kwamba silaha yake ilikuwa moja tu, ulimi. Wengine walipewa asali. Fundi Kimya, ambaye asali hiyo haikumfikia, alibaki na karatasi.

Alikaa nazo siku tatu.

"Si asaini tu?" Dokta Fomu alilalamika. "Anatafuta nini humo?"

"Anasoma," alijibu Mama Vifungo.

"Katiba haisomwi, Mama! Katiba inaambatishwa!"

Hapo alizungumza kama mtaalamu. Katiba ile aliiunga kutoka katiba za chama cha mazishi, klabu ya mpira na ushirika wa wafuga nyuki, na yeye mwenyewe hakuisoma. Fundi Kimya aliposaini ukurasa wa mwisho, alichukua chaki ya kushonea akaandika juu ya meza ya kukatia: *Kifungu cha tisa. Kila Alhamisi tunakutana.*

Mama Vifungo, aliyekuwa mtu wa haki, alimwita Dokta Fomu barabarani. "Mwenyekiti! Leo mkutano!"

"Mikutano ile ni ya karatasini, Mama. Nitaiandika nyumbani!"

Akaiandika kweli. Nilimnakilia mwenyewe: mikutano mitano, yenye mabishano, maridhiano, na hotuba ya mwenyekiti kila inapofunguliwa. Barazani, wakati huohuo, watu sita walifunga kazi mapema kila Alhamisi, wakakaa kwenye duara, wakaongea kwa midomo, mikono na chaki.

Siku ya ukaguzi ilipokaribia, Dokta Fomu alitoa fedha zake mfukoni: rangi mpya ya ukuta, kibao kikubwa chenye jina la kikundi. Asiyepanda, alisema, havuni.

Afisa wa mfuko alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Alikagua cherehani, akakagua mishono, kisha akaketi; nami nilikuwa nimevuka barabara kushuhudia.

"Naomba kumbukumbu za mikutano."

Dokta Fomu alipeleka mkono kwenye kufuli la mkoba. Fundi Kimya alikuwa ameshaweka mbele ya afisa daftari moja na nakala ya katiba. Ndipo nilipoijua ile ya saba.

Afisa alisoma, kidole kikitembea. "Mkutano wa kwanza, mwenyekiti hayupo. Wa pili, hayupo. Wa tatu, hayupo." Akafunua katiba. "Kifungu cha kumi na nne: kiongozi atakayekosa mikutano mitatu mfululizo bila taarifa ya maandishi atahesabiwa amejiuzulu, na mwingine atachaguliwa papo hapo. Mlimchagua nani?"

Mama Vifungo alitema vifungo kiganjani. "Mimi."

"Samahani, mheshimiwa," Dokta Fomu aliingilia, akitabasamu huku jasho likimtoka, "kuna kutoelewana kidogo hapa..."

"Una kumbukumbu nyingine?" Afisa aliutazama mkoba. "Hapa nimeona sahihi za watu sita kila Alhamisi. Kama zipo nyingine zinazosema tofauti, basi kuna mtu ameghushi nyaraka za umma, na hilo ni jambo la polisi. Simshutumu mtu. Nauliza tu kama unazo."

Kufuli la mkoba lilirudi mahali pake: ta!

"Sina."

"Basi wewe ni nani hapa?"

Dokta Fomu aliukumbatia mkoba kifuani. Mama Vifungo akamstiri.

"Huyu ni mtu wa msaada, mheshimiwa. Katiba ametuandikia bure. Rangi hii ni yake, kibao kile ni chake. Jamani, tumpigie makofi!"

Wakapiga. Fundi Kimya aliinua mikono yote miwili akaitikisa hewani, kama viziwi wanavyoshangilia. Afisa akamwandika Dokta Fomu kuwa mshauri wa kujitolea, akamwonyesha mahali pa kusaini, naye akasaini.

Afisa alipoondoka, Dokta Fomu alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mmenizunguka."

"La, mwanangu. Tumekufuata. Neno kwa neno."

"Nani aliyewaonyesha kifungu hicho?"

Mama alielekeza kwa kidevu. Fundi Kimya, aliyeyasoma maswali yote usoni mwa Dokta, aliandika kwa chaki: *Ulitaka nisaini kila ukurasa. Sisaini nisichosoma.*

Cherehani nne za umeme zilifika miezi miwili baadaye. Mwenye cherehani za kukodi alizichukua zake. Dokta Fomu alihamia upande mwingine wa mji. Kibao chake bado kipo. Kila Alhamisi baraza hufungwa mapema. Nami mtu akiniletea karatasi, huzisoma kwanza, ndipo nihesabu kurasa.