Sababu Kumi na Moja za Kuchagua Ya Pili

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Habari mbaya. Papa Kahongya anafunga sale yake ya video, ukumbi wetu wa filamu. Miaka kumi na tisa ya filamu, sasa itakuwa depo ya vitunguu. Anasema watu wana filamu ndani ya simu, na siku hizi wanaoingia ni wanaokimbia mvua tu. Nilikuwemo. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili baada ya Misa ataonyesha filamu ya mwisho. Moja tu, jenereta ni ya kuazima. Itatoka katika zile tatu za Kapteni na chombo chake cha angani, maana hakuna zilizowahi kujaza sale kama hizo. Ipi kati ya tatu? Tutabishana Jumamosi, kisha mikono juu. Baadaye diski zote zinakwenda Vuhovi kwa shemeji yake, azitundike shambani kufukuza ndege.

Lazima iwe Ya Pili.

Ya Kwanza na Ya Tatu zilifika kutoka Goma zikiwa zimetafsiriwa tayari. Ya Pili ilifika na Kiingereza kitupu. Yaya Mathe akashika mikro, akaitafsiri mwanzo hadi mwisho, Papa Kahongya akamrekodi. Mathe, ndugu yangu mkubwa, tuliuza viazi pamoja sokoni. Ana mwaka mmoja na miezi miwili kaburini. Sina sauti yake mahali pengine popote.

Hilo siwezi kulisema mbele ya watu. Nikilisema nitalia. Kwenye kilio chake nililia mpaka padri akasimamisha sala kuningoja. Donc, basi, nitashinda kwa akili.

Jumanne, tarehe 9

Nimeandika sababu kumi na moja kwenye karatasi ya daftari. Ya kwanza: katika Ya Pili peke yake, Kapteni ni mzaliwa wa Masereka, huku huku kwetu kwenye viazi. Mathe alilisema wazi, dakika ya tatu.

Ya kumi na moja ndiyo nzito. Chombo kinawaka moto. Kapteni anamfungia mdogo wake ndani ya kile chombo kidogo cha kukimbilia, yeye anabaki. Anamwambia kupitia kioo: «Kula, usiningojee. Uniachie biazi bibili tu.» Mtaa wote unayajua maneno hayo. Wenye pikipiki wanaagana nayo. Mathe naye aliyapenda, akawa ananiambia kila alipotoka nyumbani. Aliniambia hata asubuhi ile alipokwenda Beni, asirudi. Mimi sikula. Nilingoja mpaka viazi vikapoa, nikavifunika na sahani yake ya bluu.

Wakati mwingine inaniuma kidogo kwamba neno lake la mwisho kwangu lilikuwa la kuazima, la filamu. Simlaumu. Nani anajua kwamba leo ndiyo siku ya kusema lake mwenyewe?

Nilipeleka sababu zangu kwa Maître Tshibangu. Ni mwalimu, serikali ilimtuma huku kutoka Kasai, na ni kiongozi wa watu wa Ya Kwanza. Aliuliza kama nimewahi kuona mtu anayeoa kabla ya kuzaliwa. Nikasema hapana. Akasema basi, bila Ya Kwanza hakuna Ya Pili. Nilikuwa nimeshindwa hata kabla ya kufungua karatasi.

Kisha kwa Emérence, anayeuza mandazi mlangoni pa sale. Yeye ni Ya Tatu mpaka kufa. Ya Tatu ina ndoa, ina bibi harusi mwenye shela ndefu, na watu wote wanarudi nyumbani. Akaniuliza: «Lusenge, wewe unapendea nini filamu yenye mutu anabakia?» Nilinunua mandazi.

Hesabu ya leo: Ya Kwanza watu tisa. Ya Tatu kumi na mmoja. Ya Pili wawili, mimi na Muyisa fundi wa matofali, ambaye alilala katika zote tatu.

Jumatano, tarehe 10

Mpango wa pili, wa siri. Nilimwambia Emérence, kwa uchungu wa rafiki, kwamba diski ya Ya Tatu imekwaruzika, tena palepale penye ndoa. Nilimwomba asimwambie mtu. Nilijua atamwambia kila mnunuzi.

Alimwambia Papa Kahongya. Papa Kahongya akatoa diski zote tatu hadharani, akazipangusa na shati, akazijaribu moja moja. Ya Tatu ni safi kama sahani ya askofu. Ya Kwanza, safi. Iliyokwaruzika ni Ya Pili. Inakwama mara mbili mwanzoni.

Akatangaza kwamba filamu inayokwama haiwezi kugombea.

Nilitafuta mahali pa kukaa. Kulikuwa na gunia la vitunguu. Tayari wameanza kuvileta.

Alhamisi, tarehe 11

Muyisa amesikia kwamba Beni kuna mtu anaitwa Laurent, mwuza diski, anayo Ya Pili isiyo na mkwaruzo hata mmoja.

Sijapita barabara ya Beni tangu wamlete Mathe. Nimepita leo. Dereva alikuwa anaimba. Pale mahali alipofia nilifumba macho, nikahesabu mpaka mia mbili. Nilipofumbua tulikuwa bado hatujafika pale. Nikafumba tena.

Laurent ni mtu mwema, ana diski ukuta mzima. Aliapa kwamba hii ni ya kwelikweli, safi, ndani ya boksi lake, mashine itaisoma kama Injili. Sikumwuliza kitu kingine. Nilirudi nimeibana chini ya shati. Nilihisi pembe ya boksi kwenye mbavu njia yote, na nilifurahi.

Ijumaa, tarehe 12

Sikuijaribu diski. Sina mashine. Nimeilaza juu ya kabati karibu na sahani ya bluu. Kesho sitabishana. Nitawaonyesha tu mahali pale pa kioo, watasikia sauti ya Mathe, mikono itapanda yenyewe. Mpango huu hauna kasoro. Nimeukagua.

Jumamosi, tarehe 13

Sijui niandike vipi.

Sale ilijaa. Maître Tshibangu alisema juu ya kuoa na kuzaliwa, wakapiga makofi. Emérence alisema juu ya shela, wakapiga makofi zaidi. Nikasimama, nikasema mimi sina maneno, nina ushahidi. Papa Kahongya akaweka diski. Tukapeleka mbele mpaka moto, mpaka kioo. Kapteni akaweka mkono kwenye kioo, akafungua mdomo.

Akasema Kifaransa.

Sauti ya mtu nisiyemjua. Neno fupi tu. Watu wakamgeukia Maître Tshibangu. Alisimama polepole, akavua miwani. Akasema kwamba Kapteni anamwambia mdogo wake afunge vali ya mafuta.

Kisha mama mmoja nyuma akauliza: «Na biazi je?»

Wakarudisha nyuma. Vali. Wakarudisha tena. Vali ya mafuta. Hakuna viazi. Mtu akasema hata Masereka hapo hakuna, Kapteni anatoka sayari nyingine kabisa. Mwingine akasema miaka hii yote Mathe alitudanganya kumbe Kiingereza hakijui. Walicheka, si kwa ubaya. Na mimi ningecheka.

Mikono: Ya Kwanza kumi. Ya Tatu kumi na tisa. Ya Pili hakuna. Muyisa alikuwa amelala, na mimi nilisahau kuinua wangu.

Maître Tshibangu alinifuata nje. Aliniambia pole. Akasema yeye aliziona zote tatu kwa Kifaransa zamani, kwao, na alijua tangu mwanzo kwamba yale maneno hayamo. Hakutaka yajulikane, ndiyo maana alipigania Ya Kwanza kwa nguvu, asije mtu akachunguza Ya Pili. Akasema: «Mudogo wangu, ile maneno haikutoka mu filamu. Ilitoka kwenu.»

Nimetembea mpaka nyumbani na neno hilo. Nilikuwa na hesabu ya kinyume. Nilidhani aliyatoa kwenye filamu akayaleta mezani. Aliyatoa mezani akayaweka kwenye filamu. Ni yake. Asubuhi ile alisema lake mwenyewe.

Na diski yenye sauti inakwenda kwa ndege wa Vuhovi.

Jumapili, tarehe 14

Ya Tatu. Watu wote walirudi nyumbani, kama kawaida. Emérence alilia kwenye ndoa. Aliniuliza kama na mimi nalia. Nikasema ni moshi wa jenereta. Jenereta ilikuwa nje, upande wa pili.

Mwishoni Papa Kahongya aliniita, akanipa mfuko mweusi. Ndani ni Ya Pili, ile ya zamani, yenye mwandiko wa Mathe kwa kalamu ya bluu. Akasema: «Ungesema tu, Lusenge. Ningekupatia tangu Jumatatu.»

Kumbe kila mtu alijua. Hata Muyisa.

Emérence alikuwa amesimama hapo hapo. Akasema nyumbani kwake mashine ipo na umeme upo, niende. «Kuya tu, siku yoyote. Kuya tu usikilize mukubwa wako.»

Nilishukuru. Nilirudi nimeishika diski kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mchuzi.

Jumatatu, tarehe 15

Nimefikiri sana juu ya wiki hii. Kuna somo ndani yake, na nadhani nimelipata. Kosa langu lilikuwa maandalizi.

Sasa, Emérence. Mtu hawezi kwenda tu kwa watu, kukaa, na kusema naomba kumsikia ndugu yangu. Ile «kuya tu» yake ilikuwa ya haraka mno, lazima kuna jambo. Hapana, ni lazima wazo litoke kwake bila yeye kujua. Kesho nitapita mlangoni kwake kama nauza viazi. Nitasema, kwa bahati, kwamba mashine ya Maître Tshibangu inasoma diski zilizokwaruzika vizuri kuliko mashine yoyote mjini. Ataudhika. Atataka kuthibitisha. Mimi nitakuwa na diski, kwa bahati.

Nimeandika sababu kumi na moja.

Nimechagua viazi vizuri, ndoo moja, vya Masereka. Viwili nimevitoa tena, nikavipika pamoja na vyangu. Vimeiva sasa hivi. Nimevifunika na sahani ya bluu, na mimi nimekula.