Mifuko Kumi na Mmoja ya Mkeka wa Fuatino

Jumatatu, 4 Februari

Wateja watatu tangu asubuhi. Mmoja alikuwa anauliza njia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, kijiji kizima kimekuwa kitakatifu. Watu waliokuwa wakitupa makopo mtoni sasa wanapita na vikapu vyao na chupa zao tupu, vichwa juu, wote wanaelekea ng'ambo ya barabara kwa Losa. Losa anawapimia mafuta ya nazi kwenye chupa zao wenyewe. Samaki anawafungia kwa majani ya mgomba. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyempigia makofi!

Binti yangu Lagimalie kaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye ufagio, kwamba duka lisipochangamka mwezi huu atapanda ndege kwenda Auckland kufanya kazi kiwandani na binamu zake. Nikamwambia asiwe na haraka, baba yake ana akili. Akasema hicho ndicho kinachomtisha.

Duka hili alilianzisha mama yake. Miaka miwili sasa tangu mke wangu Fuatino atutoke. Lagi akiondoka nitabaki mimi na makopo ya nyama. Sitaki hata kuwaza.

Jumanne, 5 Februari

Mpango! Nimesuka mapakacha ishirini kwa makuti mabichi. Nimeandika ubaoni: DUKA LA IAKOPO, RAFIKI WA MAZINGIRA. Mchele, sukari, unga, kila kitu ndani ya pakacha. Losa atakoma.

Mteja wa kwanza, mke wa mchungaji. Mchele pakacha zima. Akaondoka anatabasamu. Kuku wakamfuata. Kisha kuku wengine. Kufika kwake amebaki na konzi moja ya mchele, na nyuma yake mstari mweupe barabara nzima. Alirudi kunieleza. Hakukasirika, alicheka, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jumatano, 6 Februari

Nimerekebisha. Ndani ya kila pakacha nimetandika mfuko mmoja wa plastiki. Ninayo marundo chini ya meza, yangeharibika bure. Kwa nje huoni kitu.

Saa nne Losa mwenyewe akaja kununua sukari. Hajawahi kununua kwangu tangu azaliwe, ningepaswa kushtuka. Akalipindua pakacha mbele ya kamati nzima ya kina mama. "Jamani, njooni muone! Pakacha la Iakopo limevaa chupi!"

Walicheka mpaka wakashikana. Lagi akaingia ndani. Nikasikia kama analia, au anaosha vyombo. Nimeamua alikuwa anaosha vyombo.

Ijumaa, 8 Februari

Mgongo unauma, nikageuza godoro. Chini yake, mkeka wa Fuatino. Nilikuwa nimeusahau. Mkeka wa heshima, mwembamba, laini kama kitambaa, manyoya mekundu pindoni. Mama mkwe ndiye aliyeuanza. Fuatino akauendeleza miaka yote ya shule ya Lagi, uwe wa harusi yake.

Nimefikiri kwa utulivu. Lagi hana mchumba, hana hata wa kumpigia mbinja. Mkeka umelala tu. Kitu kisichotumika ni taka, si ndivyo wanavyotuhubiria siku hizi? Nikiukata nitapata mifuko isiyovuja hata punje. Mifuko italiokoa duka, duka litambakiza Lagi. Kwa hiyo mkeka wake utakuwa unamtumikia yeye. Nimeitafuta kasoro katika hoja hii, sijaiona.

Nimeukata Lagi akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mkasi uligoma mwanzoni. Nikaona haya kidogo, nikawasha redio.

Jumamosi, 9 Februari

Ushindi! Basi la wageni waendao kwenye maporomoko ya maji lilisimama kwetu. Mifuko kumi ndani ya saa moja! Walinunua na sabuni, na kakao, na makopo. Waliuliza mfuko umetengenezwa kwa kitu gani. Nikasema kwa upendo, na sikudanganya. Umebaki mmoja, nimeuficha.

Lagi alikuwa kwa mama yake mdogo, Mataina. Aliporudi akaona rafu tupu. Akanikumbatia! Tangu msiba hajawahi. Akauliza tumeuza nini. Nikasema vikapu vyangu. Akasema labda Auckland inaweza kusubiri.

Jumapili, 10 Februari

Kanisani. Wageni wawili walikuja kusikiliza kwaya, wakaketi benchi la mbele. Mmoja na mfuko begani, manyoya mekundu yananing'inia.

Lagi aliacha kuimba katikati ya ubeti. Akashuka, mbele ya kanisa zima, akaugusa mfuko kwa kidole kimoja. Nilijua anagusa nini. Kuna mahali mistari ya msuko inakwenda upande. Ni wiki ile mkono wa Fuatino ulipoanza kutetemeka. Tulimwambia afumue, akakataa, akasema na hiyo wiki ameiishi. Mgeni akatabasamu, akamwambia Lagi kwamba mfuko ni mzuri mno. Lagi akaitikia kwamba ni kweli.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia kelele. Kabla chakula cha mchana hakijaiva alikuwa ameshahamisha nguo zake kwa Mataina. Nimekula peke yangu, majani ya magimbi kwa tui, chakula cha watu wanne. Naumwa na kitu ambacho si tumbo.

Jumanne, 12 Februari

Mataina katuma neno. Mkeka ule una mkono wa mama yao, kwa hiyo nimeikosea familia nzima. Njia ni moja. Aliyekosa hujifunika mkeka wa heshima, akaketi mbele ya nyumba ya aliowakosea, mpaka waje waufunue.

Sawa. Nitajifunika. Nikaenda kutazama chini ya godoro. Mbao tupu!

Nikamwomba Losa aniazime wa kwake. Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Mkeka wangu, Iakopo? Kwa mtu mwenye mkasi?" Akafunga mlango taratibu.

Jumatano, 13 Februari

Nimeketi uwanjani mbele ya nyumba ya Mataina tangu alfajiri na mfuko wa mwisho kichwani. Ulifika masikioni tu, nikafunga mishikio chini ya kidevu. Watoto walikuja kutazama. Mbwa pia. Mataina alifagia uwanja mara mbili, vumbi lote upande wangu. Jua likapanda.

Nikauvuta mfuko ukanifunika macho. Ulikuwa na harufu ya mikono ya Fuatino. Mafuta ya nazi, baada ya miaka yote hiyo! Nililia humo ndani. Nilimwomba msamaha, yeye, si hao wa nje.

Adhuhuri mtu akanifungua mishikio. Lagi. Nikajua nimesamehewa, nikataka turudi wote nyumbani. Akasema, "Nimekusamehe, baba. Kweli kabisa. Ila safari iko palepale." Akaukunja mfuko, akaingia nao ndani.

Jumamosi, 16 Februari

Uwanja wa ndege. Lagi kaondoka. Mfuko ule begani, ndani Biblia na picha ya mama yake. Aliniomba kitu kimoja tu, nisiguse tena chochote cha mama yake. Nikaapa. Akanishika uso kama mimi ndiye mtoto. Sikujua mikono yake imekuwa migumu hivyo.

Nyumba kimya. Nimemwita mara mbili kwa mazoea.

Lakini! Siku ile nimeketi uwanjani kwa Mataina, basi la wageni lilipunguza mwendo. Mwanamke mmoja akachungulia dirishani, akawauliza watoto kofia kama ile inauzwa wapi. Kofia! Mkeka mmoja utatoa kofia thelathini, labda arobaini. Duka likijaa watu, Lagi atasikia, na Krismasi atakuwa nyumbani.

Kiapo nitakitunza. Vitu vya Fuatino sigusi. Ila Mataina ana mikeka minne chini ya godoro lake, nilimsaidia kuhamisha kitanda, nimeiona kwa macho yangu. Alhamisi huwa anakwenda kwenye kamati.

Nimefagia chumba cha Lagi na kutandika shuka safi. Mkasi nimekwisha kuunoa.