Maji ya Mama Mkwe Yaliyoishia Kwenye Injini

Wenzangu, leo nimeaibika mbele ya wakwe, na aibu yenyewe nimeiendesha mwenyewe kutoka Kitengela hadi Kajiado.

Mnalijua lile gari langu jekundu la spoti. Milango miwili, taa zinazochomoza kwenye boneti, umri wake sawa na wa mdogo wangu wa mwisho. (Mdogo wangu ana adabu zaidi.) Asubuhi likiwa baridi linawaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Likishapata moto, ukilizima, basi. Stata inazunguka, betri ni nzima, injini inakataa. Ungoje lipoe, nalo linawaka kama vile hakukuwa na ugomvi wowote.

Nimebadilisha koili. Nimebadilisha pampu ya mafuta. Niliwaeleza hapa hapa, kwa maringo ya fundi, kwamba petroli inachemka ndani ya paipu na kugeuka mvuke, na dawa yake ni kitambaa chenye maji. Na kweli, nikiweka kitambaa nikangoja, lilikuwa linawaka. (Sikujiuliza kama dawa ni kitambaa au ni kungoja.)

Sasa leo. Mdogo wangu Mutua anataka kumwoa Naserian. Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Mimi kama kifungua mimba niliacha shule nikaingia gereji, na tangu hapo mimi ndiye baba wa nyumba. Baba yake Naserian alikuwa ametutumia swali lililoninyima usingizi: hiyo nyumba isiyo na wazazi, binti yangu akipata shida, nitamwita nani? Jibu lilikuwa lifike leo likiwa limevaa suti. Mjomba Kioko na wengine walipanda pikapu pamoja na mbuzi na blanketi. Mjomba alinisihi nipande nao. Nikakataa. Nilitaka mzee aone kwamba nyumba yetu iko na mtu.

Tulifika jua likiwa utosini. Nikaegesha langoni, mahali palipokuwa na kivuli, na sikuzima. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yangu: lisizimwe mpaka tuondoke. Nikashuka likinguruma, nikasalimu kwa Kimaasai, "Sopa, mzee." Akajibu "Epa," lakini macho yake yalikuwa kwenye gari. Akamwita Mjomba kando. Mjomba akarudi na uso wa mtu aliyetumwa.

"Mzee anauliza kama tumekuja kuomba msichana, ama tumekuja kuulizia njia."

Kwa mzee, mgeni asiyezima gari ni mtu anayepita tu. Mutua akaninong'oneza, "Brathe, zima tu. Please."

Nikazima. Kukawa na utulivu mzuri sana. Watu wakashikana mikono, tukaonyeshwa viti, chai ikamiminwa. Sikuwa nimemaliza yangu mzee aliponiomba, kwa upole kabisa, nisogeze gari kidogo. Ng'ombe walikuwa wanarudi kupumzika na nilikuwa nimewazibia mlango.

Nikaingia. Nikazungusha ufunguo. Stata ikalia, ikalia, wapi. Nikajaribu tena, na safari hii taa ya kushoto ikachomoza peke yake, ikabaki hivyo, kama mtu anayemkonyeza mama mkwe. Mama mkwe akajifunga leso vizuri, akaangalia pembeni.

"Ni kitu kidogo," nikatangaza. (Fundi akiwaambia ni kitu kidogo, anzeni kutafuta usafiri.) Nikafungua boneti, nikaomba maji.

Kama kuna mtu alinipenda pale, hapo ndipo angenifunga mdomo. Mimi nimezoea Kitengela, ambapo maji huja na mkokoteni hadi mlangoni. Kule, kwa kiangazi hiki, yanafuatwa kwa punda, mbali. Lakini mgeni akiomba maji hanyimwi. Mama yake Naserian akaja mwenyewe na jerikeni ndogo na kikombe. Kikombe alikuwa amekisuuza. Alidhani nina kiu.

Nikapokea jerikeni. Kikombe nikamwachia mkononi. Nikamwaga maji yote juu ya paipu ya petroli.

Mvuke ukapanda. Mama alibaki ameshika kikombe chake. Ng'ombe walikuwa wameshafika, wakanyoosha shingo juu ya boneti, na ndama mmoja akaanza kulamba yaliyokuwa yanachirizika chini ya gari. Huyo peke yake ndiye niliyemfurahisha leo.

Nikazungusha ufunguo kwa imani. Halikuwaka.

Ikabidi tusukume. Wageni waliokuja kuomba mke wakavua makoti wakainama nyuma ya gari, na mashemeji wakaja kusaidia, wakicheka kwa heshima, ambayo inauma kuliko kucheka kwa kawaida.

Gari lilipotoka njiani nilikuwa nimepandwa na hasira. Siku zote nilingoja injini ipoe ndipo nifungue plagi ya cheche, nisiungue. Leo niliifungua ikiwa moto, nikaungua, nikaitazama. Ilikuwa inadondoka petroli. Injini haikukosa mafuta hata siku moja. Ilikuwa imezama ndani yake! Na kila nilipongoja ipoe, petroli ilikauka na ushahidi wote ukaenda nayo. Kuna sensa inayopima joto la injini na kuiambia kompyuta imwage mafuta kiasi gani. Sikuwahi kuigusa. Imeharibika, inadhani kila saa ni alfajiri ya baridi ya Julai, basi injini iliyo moto inamwagiwa mafuta ya injini baridi.

Nilikuwa nimegundua jambo kubwa, na nikafanya kosa la kumweleza Mutua kwa sauti. Mama mkwe alisikia. Akauliza taratibu:

"Kwa hivyo hayo maji yangu yalikuwa ya nini?"

Wenzangu, nimejibu wateja wakali, nimejibu polisi wa barabarani. Hilo nililijibu nikiangalia viatu vyangu.

"Hayakuwa na kazi, mama," nikasema.

Tukarudi kukaa. Shati langu lilikuwa na grisi, vidole vinawaka moto, Mutua haniangalii. Nilijua nimemharibia. Mzee akaikagua suti yangu kutoka kola hadi viatu, halafu akasema na Mjomba kana kwamba mimi sipo.

"Niliuliza kama hiyo nyumba iko na mtu wa kuitwa. Nimemwona. Ameungua, amechekwa, na bado hajaliacha hilo gari lake. Huyo akiitwa atakuja." Akanywa chai. "Msichana tumewapa. Lakini siku ya kumchukua, mje na gari ingine."

Hapo ndipo walicheka ile ya kawaida. Mama mkwe ndiye aliyecheka zaidi.

Naandika kwa vidole vinane na mwenye hii saiba ya intaneti anataka kufunga. Harusi iko. Kesho naanza na kumpelekea mama lori la maji. Nanyi chekeni mmalize, halafu mwenye roho nzuri aniambie hiyo sensa inapatikana wapi.