Blauzi ya Vifungo Ishirini na Tatu

Jumatatu, 5 Agosti 1985

Mungu ni mwema! Kazi ya kushona blauzi arobaini za kwaya ya akina mama ni yangu. Bado sijapewa, lakini ni yangu.

Ilivyokuwa ni hivi. Juzi Ephantus, mume wangu, alikwenda mnadani kwenye shamba moja la zamani la Kaburu huko upande wa Moiben. Alitaka pampu ya maji. Akarudi na sanduku la bati lenye kufuli, kwa sababu lilikuwa zito na alidhani ndani ni spana. Leo asubuhi tumelivunja. Pasi mbili za makaa. Magazeti yaliyoliwa na mende. Mto mdogo wa ajabu wenye umbo la mwezi nusu na riboni mbili. Na blauzi. Ephantus alimaliza chai yake, akarudi shambani kwetu Ziwa kwa ng'ombe na mahindi, na huko hukaa mpaka Jumamosi.

Lakini blauzi yenyewe! Rangi ya krimu, lesi kila mahali. Kola ndefu imesimama, imetiwa vijiti ndani. Mikono imejaa mabegani halafu inabana kuanzia kiwiko. Upande mmoja kuna kitambaa kingi kilicholegea kinaning'inia mpaka kiunoni, kama mfuko. Upande wa pili, vifungo ishirini na tatu, kila kimoja kama punje ya njegere.

Jumapili baada ya ibada, Mama Nangila, mwenyekiti wetu wa akina mama, ataangalia mifano na kuchagua fundi. Mara mbili zilizopita alimchagua Rosebella. Rosebella ana cherehani yake kwenye veranda hii hii hapa mtaani Munyaka, katikati yetu nguzo moja tu. Nikikosa tena, nitakaa mpaka Krismasi nikitia viraka suruali za watu huku nikimsikia akiimba upande wa pili wa nguzo. Huimba vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nikamwonyesha blauzi kwa mbali. Nikamwambia ni mtindo mpya, umetoka Ulaya moja kwa moja. Akaitazama sana, akaniuliza, Mama Gichuru, sasa mbele ni wapi? Nikamjibu kwamba wenye kujua wanajua.

Sijui.

Jumanne, 6 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Hakuna wateja. Nafasi nzuri ya utafiti.

Sina sanamu la kuvalisha nguo kama mafundi wa mjini. Nina gunia lililojazwa maganda ya mahindi, nimelifunga kwenye mti wa ufagio. Nikalivalisha blauzi vifungo vikiwa nyuma. Nikalivua. Nikalivalisha vifungo vikiwa mbele. Nikalivua tena. Kisha nikaivaa mwenyewe vifungo vikiwa nyuma, nikafikia viwili vya chini na kimoja cha juu. Vilivyobaki vilikuwa mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki.

Nikatumia akili. Mimi ni fundi wa miaka kumi na minane. Mungu alituwekea mikono mbele. Basi vifungo viko mbele, na ule mfuko unakaa mgongoni. Imekwisha! Nikalitundika gunia verandani likiwa limevaa hivyo, ili Munyaka nzima ione.

Saa nne Mama Nangila akapita na mwavuli. Akasimama. Akauliza, "Sasa Mama Gichuru, hii gunia ya huku nyuma ni ya nini?" Sijui jibu lilitoka wapi. Nikamwambia ni ya mtoto. Mama akibeba mtoto mgongoni, blauzi za kawaida humbana huku kifuani na kumkaba kwapani. Hii inamwachia mtoto nafasi. Na vifungo viko mbele kwa ajili ya kunyonyesha.

Mama Nangila hakucheka. Alishika kile kitambaa, akaingiza mkono, akaupima kwa ndani. Amelea watoto wanane huyu mama. Akasema, aki wazungu wanafikiria. Akaniambia niilete Jumapili, na niivae mwenyewe.

Upande wa pili wa nguzo, cherehani ilikuwa imenyamaza. Nimekula mayai mawili kwa chakula cha jioni, na nimelala mapema kwa raha zangu.

Jumatano, 7 Agosti

Mwizi! Mwizi wa mchana!

Saa nane Rosebella ametundika blauzi kwenye msumari wake. Kitambaa cha bluu cha kwaya. Vifungo vinane mbele. Mfuko mgongoni. Ameiga kila kitu ila vijiti vya kola, na lesi ameitia kidogo tu kwenye kola.

Nikamuuliza ameona wapi mtindo huo. Akasema ameota. Nikamwambia ndoto yake imening'inia verandani kwangu tangu jana. Akacheka, akaivaa, akamweka mtoto wake Kituyi kwenye ule mfuko, akamfunga kwa leso, akaendelea kushona. Mtoto alilala papo hapo. Hakulia mchana kutwa, na mtoto yule kwa kawaida hulia hadi wapangaji wa nyuma huzima redio.

Naandika hapa tu, na hapa hapasomwi na mtu: mshono wake ni mzuri kuliko wangu. Mikunjo imekaa sawasawa. Nimekasirika hadi nimekata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku kubwa. Niandike polepole.

Mama Apiyo wa sukuma wiki alipita na kikapu chake. Ni mama mzee, anazunguka Munyaka kila asubuhi. Akaona gunia langu limevaa. Akaweka kikapu chini. Akacheka. Akashika nguzo, akacheka tena hadi machozi yakamtoka. Nikamuuliza kuna nini, nikiwa nimenuna.

Kumbe alikuwa yaya kwenye shamba la Makaburu tangu akiwa msichana! Akaniambia nguo kama hiyo aliikuta sandukuni kwa nyanya wa memsabu, mke wa Kaburu, na nyanya huyo alikuwa akiivaa kila Jumapili hata baada ya wenzake kuacha. Vifungo vinakuwa nyuma. Huyo nyanya, memsabu mzee, alikuwa akisimama ameshika nguzo ya kitanda, na Apiyo akivifunga kimoja kimoja kwa kijichuma chenye kulabu. Na ule mfuko ni wa mbele. Kifua kilitakiwa kitune kama cha njiwa. Nikauliza, sasa memsabu akiwa peke yake? Akasema memsabu hakuwa peke yake hata siku moja, ndiyo maana ya nguo yenyewe.

Kwa dakika moja niliona aibu. Kisha nikaona mwanga. Rosebella ameiga kosa! Ameiba kosa langu, amelishona kwa kitambaa kizuri, na Jumapili atalivaa mbele ya kanisa zima. Mimi nitaingia nimevaa sawasawa, kifua kimetuna, na nitawaeleza historia. Nani atampa kazi fundi asiyejua mbele wala nyuma?

Nimemwomba Mama Apiyo asimwambie mtu. Nimemwahidi kumshonea aproni mpya yenye mifuko mitatu. Blauzi nimeiondoa verandani. Rosebella amenisalimia vizuri jioni, nami nimemwitikia vizuri zaidi. Maskini.

Jumamosi, 10 Agosti

Ephantus amekuja na mahindi mabichi. Tumechoma, tumekula, tumefurahi. Kisha nikamwita kwa mazoezi.

Vidole vyake ni vya kukamua na kupalilia. Kifungo cha kwanza kilimchukua muda wa taarifa nzima ya habari. Akasema ni afadhali kushona magunia. Alifika cha tatu, akavuta, cha nne kikaruka, kikatua kwenye jiko. Nikampigia kelele, naye akasema kwa upole kwamba huko Ziwa hakuna mtu anayemfokea, na kwamba lazima arudi leo leo kwa sababu ng'ombe mmoja anakaribia kuzaa. Akaenda na mahindi mawili yaliyobaki.

Si neno. Mama Apiyo atanifunga kesho asubuhi. Ndiyo kazi yake ya zamani. Nimetengeneza kulabu kwa waya wa mwavuli.

Jumapili, 11 Agosti

Mama Apiyo hafungi vifungo tena. Amenionyesha mikono yake. Vidole vimepinda, asubuhi ya baridi kama hii hata kikombe anakishika kwa viganja. Nimejilaumu. Wakati wote nilikuwa nikiwaza siri yangu na sikuwahi kuvitazama vidole vyake. Akanipa pole, akaenda zake kanisani.

Saa mbili. Ibada ni saa tatu. Nikajaribu peke yangu na kulabu ya waya. Nikafunga cha chini, kisha kulabu ikashika lesi, mkono ukakwama mgongoni kama askari amenifunga pingu. Nikazunguka chumbani. Nikaangusha stuli. Mwishowe nikasimama dirishani na kuita jina ambalo sikutaka kuliita.

Rosebella alikuja mbio, akidhani ni mwizi. Akaniona. Akaona mgongo wangu, vifungo vikiwa nyuma, na kifua kimelegea mbele. Nilimwona akielewa. Mpango wa siku tatu, nimeufunua kwa mgongo wangu mwenyewe!

Alinasua mkono wangu. Akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, kwa vile vidole vyake vyepesi, na kile kilichoruka akakishona kingine papo hapo na kukata uzi kwa meno. Nikasubiri aende kubadilisha blauzi yake. Akaniambia tu, "Umependeza, Mama Gichuru. Lakini utakaa chini aje?" Akamfunga Kituyi mgongoni ndani ya ule mfuko wake, tukaenda pamoja.

Kukaa sikuweza, maana blauzi ilinibana kiunoni. Vijiti vya kola vilinishika shingo, nikasikiliza mahubiri yote nikitazama paa.

Baada ya ibada, mbele ya akina mama, nikaeleza. Memsabu, njiwa, Ulaya. Nilieleza vizuri sana. Mama Nangila akauliza nani amenifunga. Nikasema, zamani walifungwa na yaya. Akauliza tena: akina mama arobaini, yaya watatoka wapi? Na mwenye mtoto anayenyonya atafanya nini, nani amfungue katikati ya wimbo? Mama mmoja akaguna nyuma. Nikataka kugeuka nimwone ni nani, shingo ikakataa.

Kituyi ndiye aliyenimaliza. Alianza kulia, na Rosebella, bila haraka, akamzungusha mbele, akafungua vifungo viwili, akamnyonyesha pale pale huku akiendelea kuimba sauti ya pili na wenzake waliokuwa wakijaribu wimbo. Akina mama wakapiga vigelegele! Nikaona blauzi arobaini zikiondoka. Moyo uliniuma, nasema kweli. Niliona suruali za viraka mpaka Krismasi.

Basi nikajitosa tena, kwa kuwa bado nilikuwa nimesimama. Nikasema mnaona? Nimevaa hii makusudi, ili muone mateso waliyopata wanawake zamani. Ile ya mfuko mgongoni ndiyo mtindo wangu. Mama Nangila mwenyewe alinisikia Jumanne nikieleza mtoto na kunyonyesha.

Wakacheka wote, na Rosebella akacheka kuliko wote. Mama Nangila akafuta macho. Akasema ni kweli, Jumanne alisikia. Maneno ni ya Mama Gichuru, mshono ni wa Mama Kituyi. Blauzi ishirini kila mmoja, na zitoke zikifanana, kwa hiyo tukae karibu.

Nimefika nyumbani nikagundua kwamba siwezi kuivua. Nikabisha kwa Rosebella. Alinifungua vyote ishirini na tatu huku akicheka hadi akalazimika kukaa, nami nikacheka. Akasema Alhamisi alimsikia Mama Apiyo akicheka kwangu, akajua kuna kitu, lakini hakuona sababu ya kubadilisha blauzi ambayo mtoto wake analala ndani yake. Tumekunywa chai kwake. Mandazi yake ni laini.

Jumatano, 14 Agosti

Raha tupu. Tumesogeza cherehani mbili pamoja, nguzo imebaki nyuma yetu. Yeye anashona mikunjo, mimi natia vifungo. Anaimba, nami nimeanza kuitikia. Ng'ombe wa Ziwa amezaa ndama jike. Aproni ya Mama Apiyo iko tayari, mifuko minne, maana nilitaka kumshangaza.

Leo Rosebella ameuona ule mto mdogo wa sandukuni, wa umbo la mwezi nusu. Akauliza ni wa nini. Akashauri tumuulize Mama Apiyo kwanza.

Nimuulize? Mimi, mwenye mtindo unaovaliwa na kwaya nzima? Sisi kwetu hubeba mizigo kwa mgongo, lakini nimewaona akina mama wa huku wakibeba kichwani, na kitu hiki nilikijua mara moja. Ni ngata ya kizungu, ya kuwekea mzigo kichwani. Unakaa utosini, riboni unafunga chini ya kidevu. Nimeshamwambia Mama Nangila. Amefurahi, anataka arobaini, za bluu, akina mama wazivae siku ya harambee ya kanisa wakiingia na vikapu vya zawadi mbele ya wageni wote.

Jioni Mama Apiyo alipita akanikuta nimeufunga kichwani, napima. Alikaa ngazini. Alitaka kusema kitu, akashindwa, akawa anajipigapiga makalio kwa ile mikono yake huku machozi yakimtoka.

Nadhani ni uchovu wa kutembea. Kesho nitamwekea stuli. Nimeshakata kumi za kwanza.