Mfereji Mlangoni kwa Crum

Jumamosi, 6 Mei 1820
Sijalala. Mpima ardhi wa serikali, Bwana Lathrop, amefika na vigingi vyake. Mfereji mkubwa wa mashua unakuja! Lakini hauji kwangu. Unapita kule chini, kando ya kinu cha maji cha Zadok Penniman, adui yangu tangu shuleni. Mashua zote na abiria wao wenye kiu watashukia kwake, na nyumba yangu ya wageni nitawaachia buibui. Mke wangu Mehitabel anasema tuuze mapema. Tuuze! Nyumba aliyoijenga baba kwa mikono yake! Lathrop anakula kwangu, basi nimemwongezea bata na kumweleza kuwa huku juu ardhi ni tambarare zaidi. Akasema bata ni mtamu.

Jumapili, 7 Mei
Nimepata dawa! Kijiji kizima kanisani, na mahubiri ya Mchungaji Tuttle hayana mwisho. Nikafunga kitambaa shavuni, nikalalamika jino. Walipoondoka tu, nyundo mkononi. Nimeng'oa safu nzima ya vigingi kule chini na kuipigilia upya mbele ya baraza yangu. Abiria atateremka mashuani na kuangukia glasi! Kugusa vigingi vya serikali ni jela. Kufanya kazi siku ya Sabato ni faini. Mehitabel akijua, sijui itakuwa nini.
Mehitabel amerudi kutoka kanisani na mhunzi, ambaye ndiye mng'oa meno wetu. Eti amenihurumia. Mhunzi ameng'oa jino lisilo na ubovu wowote, na mimi ningesema nini?

Jumatatu, 8 Mei
Lathrop alivitazama vigingi, akakuna kichwa. Nusura nizimie. Kisha akasema kumbe njia hii ni nzuri kuliko alivyoikumbuka. Ramani imeshakwenda Albany, kwa wakubwa wa serikali! Wiski kwa kila mtu, kwa gharama yangu.

Jumanne, 9 Mei
Penniman kaniletea jibini zima. Penniman! Kanikumbatia barabarani. "Crum, ndugu yangu, Mungu mkubwa! Wangeninyonya maji yote ya kinu. Ningesaga kwa nini, kwa mate?" Kumbe nimemwokoa. Jibini nimelila kwa upande mmoja wa mdomo, na halikupita vizuri.

Jumatano, 10 Mei
Nimekwisha. Lathrop ameonekana nyuma ya nyumba, anapigilia vigingi vingine karibu na banda la kuku. Nikamuuliza kapotea? "Hapana, Bwana Crum. Vile vya mbele ni ukingo wa kaskazini. Huu ndio wa kusini." Na hapo katikati? "Katikati ni maji." Katikati ni nyumba! Katikati ni kitanda changu! Mimi nilidhani ile safu moja ndiyo mfereji wenyewe.
Nikauliza fidia. Akasema wakadiriaji huhesabu hasara, kisha huondoa faida ya kupitiwa na mfereji. Na mimi, akasema huku akinipongeza, nitafaidika mno. Kwa hiyo sipati kitu.

Alhamisi, 11 Mei
Siasa itaniokoa. Maisha yangu yote nimemshangilia Gavana, mpenzi wa mfereji. Leo nimechomeka kwenye kofia mkia wa mnyama paa, alama ya wapinzani wake, na kwenda mkutanoni kwao. Nimeuponda mfereji hadi sauti ikakauka. Mtaro! Ufujaji! Kisha mwenyekiti akasimama. Penniman. Akasema amefikiri upya: mfereji ni baraka, mradi usisogezwe hata kidogo pale ulipo sasa. Makofi. Mtu mmoja akanivuta mkia.

Ijumaa, 12 Mei
Nilimwendea Lathrop nikiri kila kitu. Sijafungua mdomo, akaanza kunisimulia habari za mkulima wa wilaya jirani aliyegusa kigingi kimoja. Yumo ndani mpaka leo. Nikamuuliza kama angependa bata tena.

Jumatatu, 29 Mei
Wamebomoa. Paa lilishuka kwanza, halafu kuta, halafu baraza ya baba. Nililia mbele ya watu na sikuona aibu. Mehitabel alinishika mkono, na hilo liliniumiza zaidi.
Lakini jambo limetokea! Penniman alinivuta kando akaninong'oneza: serikali itajenga kizuizi kikubwa cha mashua, malango ya maji ya kuzipandisha na kuzishusha, kwenye kiwanja chake cha bondeni. Mashua zitasimama pale kusubiri, abiria watakaa bure na kiu yao. Yeye hana habari na mashua, anataka kuniachia mimi kiwanja hicho, kwa kuwa nilimsaidia bila kujua. Mtu asiyependa mfereji atanidanganyaje kuhusu mfereji? Nimempa ng'ombe wa Mehitabel na pipa langu la mwisho la wiski, tukashikana mikono palepale.
Mehitabel kaniuliza kama najua kwamba bondeni kwa Penniman ni kinamasi. Nikamwambia ndiyo uzuri wake, maji tayari yapo. Amechukua kuku wote na kwenda kwa dada yake. Atarudi nikishatajirika.