Miaka Kumi na Moja Bila Mkwaruzo

Kamati ya Kulinda Mashine ya Kukereza ina furaha kuutangazia umma kwamba mashine hiyo ya kuchongea vyuma, mali ya Idara ya Uhandisi Mitambo, imetimiza miaka kumi na moja bila mkwaruzo. Siri ya mafanikio haya ni nyepesi: hakuna mwanafunzi aliyewahi kuruhusiwa kuigusa. Mimi ndiye katibu wa kamati, na plastiki iliyoifunika naifuta vumbi mwenyewe.

Wenye kijicho huuliza wanafunzi hujifunzaje. Hujifunza vizuri sana! Husimama nyuma ya mstari wa njano wakakereza hewani. Mikono inazunguka, mdomo unanguruma, na asiyenguruma hukatwa alama.

Juzi ulikuwa mtihani wa binti wa mwaka wa nne tunayemwita Nati. Alikuwa ameshafelishwa mara mbili kwa kunguruma kivivu. Akianguka tena, anafukuzwa chuo. Nilimwonea huruma, lakini huruma haimo kwenye kanuni.

Safari hii alinguruma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alipomaliza akapangusa jasho, akaiweka shafti yake, fimbo ya chuma isiyoonekana, mezani, mbele ya Mkuu wa Idara.

"Imepinda hii," alisema Mkuu, kipimo kikiwa bado mfukoni. "Umeanguka." Akabwaga faili lake mezani.

Nati akapiga ukelele. "Mzee! Umeiangusha!"

"Nimeangusha nini?"

"Shafti yangu! Hiyo inabingirika! Angalia mguu wako, jamani!"

Mkuu akaruka pembeni. Nami nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba ameruka.

"Kanuni ya kumi na nne," nilisema, maana kazi ni kazi. "Kazi ya mtahiniwa ikipotezwa kabla ya kupimwa, mtahiniwa amefaulu, na aliyeipoteza ataikereza upya, mtahiniwa akikagua."

"Katibu, una wazimu? Hapakuwa na kitu hapa!"

"Sasa iliyopinda ilikuwa nini, mzee?" aliuliza Nati kwa adabu zote.

Mkuu akavua koti. Alisimama nyuma ya mstari akazungusha mikono na kunguruma saa nzima, kipara kikimchuruzika jasho, wanafunzi wamejaa madirishani. Mwishowe akamnyooshea Nati kiganja, akihema.

Nati alikiinamia kiganja kile, akakizunguka, akakichungulia kwa jicho moja.

"Mikono mizuri, mzee," alisema. "Ila mashine hujaiwasha."