Finjani Iliyotikiswa Kabla ya Jibu

Deira, Jumapili

Kwa Mwalimu Virginia, Mkuu wa Chekechea,

Salamu nyingi. Natumai watoto wote ni wazima, na masikio yako pia. Mimi ni babu yake Hazim, yule wa miaka minne anayekaa karibu na dirisha. Nimesoma vitabu vya malezi kuliko mtu yeyote katika jengo letu, kwa hiyo usidhani unajibizana na mtu wa kubahatisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlituma karatasi nyumbani: "Mzazi, msaidie mtoto kugundua muziki katika vitu vya kawaida." Tukadhani ni kijiko tu. Mwiko umekwenda shule. Kifuniko cha sufuria ya pilau kimekwenda shule. Mbuzi ya kukunia nazi imekwenda shule na kurudi na kibandiko cha nyota. Juzi tumekula wali bila tui, kwa ajili ya maendeleo ya elimu.

2. Hazim hapiti kitu bila kukigonga. Amegonga friji, amegonga lifti, amegonga tumbo langu nikiwa nimelala, akamtangazia bibi yake kwamba hiyo ndiyo ngoma kubwa. Bibi yake akakubali. Nauliza: taifa gani liliwahi kuendelea kwa kugonga matumbo ya wazee wake?

3. Hili sasa ndilo lenyewe. Ijumaa baada ya Alasiri, Mzee Musallam alikuja na jamaa zake kumposea mwanawe binti yangu Lujain. Kama hujui, nakujulisha: kwa desturi ya huku, mposaji hainywi kahawa yake. Huiweka chini akangoja mwenye nyumba amwambie "kunywa", na hapo posa imekubaliwa. Mzee Musallam akaiweka. Nami nilikuwa tayari kabisa kusema "kunywa", ila nilitanguliza maneno machache kuhusu historia ya ndoa. Sijafika hata karne ya pili, Hazim akainyakua finjani, akaimwaga kahawa kwenye zulia, akatia kokwa tatu za tende na kuanza: chaka-chaka, chaka-chaka. Mdundo haukumpotea hata mara moja, nakiri. Lakini finjani ikitikiswa huku, maana yake ni "nimetosheka, usinimiminie tena." Mpwa wangu Soud, mtu mzima mwenye ndevu, ndiye aliyekuwa akimimina. Utiifu wake umeizidi akili yake: akakusanya finjani zote, akaondoka na dele, birika lenyewe la kahawa.

Mzee Musallam akaona kahawa inatoka mlangoni kabla ya jibu. Akasimama. "Khalas, Yaqoub, tumekuelewa. Ila hukuwa na haja ya kumtumia mtoto." Wakavaa viatu. Binti yangu amekosa mume kwa sababu ya kayamba!

4. Kwa hiyo nadai: mumwandikie Mzee Musallam, dukani kwake Al Ras, mkikiri kwamba lile lilikuwa somo, si jibu. Kila kitu cha nyumbani kiandikwe chini yake "chombo cha muziki" au "si chombo cha muziki". Muanzishe somo la ukimya, muda wa saa mbili kila siku, lenye mtihani wa mdomo. Mkikaidi, nitapendekeza kwa wakubwa kwamba tende zote zinazoingia nchini zitolewe kokwa bandarini.

Nisalimie walimu wote, dereva wa basi, na yule mama wa jikoni, ambaye sijui anapikia nini siku hizi.

Wako katika kuutafuta utulivu,
Yaqoub

Tanbihi: Lujain ameisoma barua hii kabla sijaitia kwenye bahasha. Anasema ni yeye aliyempa Hazim kokwa zile, akamnong'oneza, "Tikisa, baba, tikisa mpaka waondoke." Hamtaki mtoto wa Musallam, wala hajawahi kumtaka. Basi nayafuta madai yote, na Hazim mpe nyota nyingine. Nimemuuliza binti yangu kwa nini hakuniambia mapema. Anasema aliniambia mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa naandika barua.